Jino la Mbele Limetibiwa Mzizi, Mbona Bado Linauma?

Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, wasomaji wawili wakipokezana. Asiyeelewa mahali fulani asimamishe msomaji aulize. Si lazima limalizike siku moja.

Tuanze na kisa cha mama mmoja wa kikundi cha Ruiru, ambaye ameturuhusu tukisimulie bila kumtaja jina. Mama huyu aliteleza akiwa amebeba mtungi wa maji, akajigonga mdomo kwenye ukingo wa tangi. Jino moja la juu, la mbele kabisa, lilitikisika lakini halikutoka. Baada ya wiki mbili likashika tena, naye akasahau. Mwaka uliofuata jino likaanza kuwa la kijivu. Halikuuma. Halafu siku moja ufizi ulio juu ya jino hilo ukafura, mdomo ukavimba hadi karibu na pua, na usiku huo hakulala.

Kikundi kilimkopesha pesa. Akaenda kwa daktari wa meno, akatibiwa mzizi wa jino, akarudi nyumbani akitabasamu upande mmoja kwa sababu ya ganzi. Ganzi ilipoisha usiku, jino likaanza kuuma. Siku ya pili hakuweza kuuma hata mkate. Asubuhi ya siku ya tatu jirani akamwambia, "Umeibiwa pesa zako. Kama mishipa imetolewa, ni nini tena kinauma? Enda ling'olewe upumzike." Akaenda mahali pengine, si kule alikotibiwa, na katika dakika chache jino likawa limetoka. Aliyeling'oa hakuuliza habari yoyote. Leo mama ana pengo mbele, na aliendelea kulipa mkopo miezi minne zaidi kwa ajili ya jino ambalo hana.

Aliponisimulia haya nilimuuliza, "Mama, asubuhi ile ya siku ya tatu, lilikuwa linauma kuliko siku ya pili?"

Akafikiri kwa muda. Akasema, "La. Lilikuwa limepungua kidogo. Lakini nilikuwa nimechoka."

Hapo ndipo somo letu lilipo. Jino lililotibiwa mzizi huuma siku za kwanza, na kuuma huko pekee si dalili kwamba kazi imeharibika. Jambo la kuangalia ni maumivu yanaelekea wapi: yanashuka au yanapanda? Mama huyu alikuwa ameanza kupona, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia jinsi kupona kunavyokuwa.

NDANI YA JINO KUNA NINI

Jino tunaloliona mtu akicheka ni sehemu tu. Kwa meno ya mbele ya juu, mzizi uliofichwa ndani ya mfupa ni mrefu kuliko ile sehemu inayoonekana. Nje ni gamba gumu. Katikati kuna nafasi nyembamba, kama mrija, inayoshuka hadi ncha ya mzizi. Ndani ya mrija huo kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mishipa hii huingia kwa tundu dogo sana pale kwenye ncha.

Jino likigongwa kwa nguvu, mishipa hiyo inaweza kukatika pale nchani. Kiini kinakufa kimyakimya, bila hata kuuma. Damu iliyoganda ndani hupaka jino rangi, ndiyo maana linageuka kijivu. Vijidudu vikipata njia kupitia ufa mdogo, kiini kilichokufa kinaoza, na usaha hujikusanya kwenye mfupa ulio mbele ya ncha ya mzizi. Hiyo ndiyo sababu jino lililogongwa mwaka huu linaweza kuleta jipu baada ya miaka miwili, mitano, hata zaidi. Njia nyingine ya kufika huko ni jino kutoboka pole pole hadi tundu likafika kwenye kiini, na hiyo ndiyo njia ya wengi, lakini kwa meno ya mbele ajali ina sehemu kubwa: bodaboda, mpira, watoto kusukumana kwenye foleni ya maji shuleni, na vijana wanaofungua soda kwa meno.

Hapa tuseme neno moja kuhusu rangi, kwa sababu wengi huuliza. Meno yote kuwa na madoa ya kahawia tangu utotoni ni jambo lingine kabisa. Hilo hutokana na maji yenye floraidi nyingi, hasa ya visima virefu vya sehemu kadhaa za Kenya. Meno hayo yanaweza kuwa mazima ndani, na hayahitaji kutibiwa mizizi. Linalotutia wasiwasi ni jino MOJA kubadilika rangi huku wenzake wamebaki walivyokuwa.

DAKTARI HUFANYA NINI

Kwa Kiingereza kazi hii hutajwa kwa neno linalosikika kama "ruti kanali" (kanali huyu si wa jeshini). Sisi tutasema kutibu mzizi wa jino. Daktari hupiga picha ya eksirei aone mzizi. Kisha hudunga sindano ya ganzi, na hutandaza kipande chembamba cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie. Kwa jino la mbele, tundu hutobolewa upande wa nyuma, upande wa ulimi, kwa hiyo mtu akikutazama haoni kitu. Kupitia tundu hilo daktari huingiza vijisindano vyenye makali kama tupa, anakwangua kiini kilichooza, na kuosha kwa dawa. Dawa inayotumiwa zaidi ni ya jamii moja na ile maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ikiwa imepimwa. Msijaribu nyumbani!

Mrija ukishakuwa safi, hujazwa na kitu kinachofanana na mpira, kinachotokana na utomvu wa mti wa visiwa vya Asia. Ni utomvu uleule uliotumika zamani kufunika nyaya za simu za chini ya bahari, kama ule waya uliofika Zanzibar mwaka 1879. Kama ulizuia maji ya bahari kuingia kwenye waya, mtaona kwa nini madaktari wa meno waliupenda. Juu yake jino huzibwa.

Meno ya mbele kwa kawaida yana mzizi mmoja na mrija mmoja, wakati magego huwa na mizizi miwili au mitatu na mirija mitatu au minne. Kwa hiyo kazi ya jino la mbele ni nyepesi kuliko ya gego. Wengine humalizwa siku moja, wengine hurudi mara mbili au tatu, hasa kama kulikuwa na usaha.

Wazee wetu wengi wa huku Thika hawakuijua kazi hii, na si kosa lao. Kenya ilianza kufundisha madaktari wa meno wake yenyewe katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini akisema "nimeenda kwa meno" alimaanisha ameng'olewa. Ushauri wa yule jirani ulitoka katika siku hizo.

KAMA MISHIPA IMETOLEWA, NI NINI KINAUMA?

Swali la jirani ni zuri, na linahitaji kujibiwa. Daktari ametoa kilichokuwa NDANI ya jino. Lakini jino halikugandishwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikiliwa na nyuzi ndogo za nyama zinazolizunguka mzizi wote, na nyuzi hizo zina mishipa yake ya fahamu. Ndizo zinazokujulisha kwamba umeuma jiwe kwenye githeri. Hizi hazikutolewa, na hatutaki zitolewe, kwa sababu bila hizo jino lingeanguka.

Sasa, pale nchani kulikuwa na jipu au uvimbe kabla ya matibabu. Halafu vile vijisindano vimepita hapo karibu, dawa imepita, pengine uchafu kidogo umesukumwa nje. Mahali hapo pana kidonda. Ukitoa mwiba mguuni, mwiba umetoka lakini kidonda kipo, na kesho yake ukikanyaga utasikia. Ndivyo ilivyo hapa.

Maumivu haya yana tabia yake. Jino huhisi kama limerefuka. Linauma ukiligusa au ukiuma kitu. Haliumi tena kwa chai moto wala kwa maji baridi, kwa maana kilichokuwa kikihisi joto na baridi hakipo.

Tuandike hesabu hii ubaoni. Watafiti walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili, wakachapisha jumla yake mwaka 2011. Kabla ya kutibiwa mzizi, watu 81 kati ya 100 walikuwa na maumivu. Siku moja baada ya matibabu, 40 kati ya 100. Wiki moja baadaye, 11 kati ya 100. Tena waliobaki na maumivu baada ya wiki, maumivu yao yalikuwa madogo sana kuliko ya mwanzo. Basi kuumwa siku ya pili si jambo la ajabu, karibu nusu ya watu huumwa. Ajabu ingekuwa maumivu makali yasiyoshuka baada ya wiki.

SIKU ZA KWANZA

Ganzi huisha baada ya saa mbili hadi nne. Meza dawa ya kwanza ya maumivu kabla ganzi haijaisha, usingoje moto uwake ndipo utafute maji. Wakati mdomo bado umekufa ganzi usile, maana wengi hujiuma mdomo bila kujua, na watoto hufanya hivyo hata kwa kucheza.

Siku ya kwanza na ya pili ndizo mbaya zaidi. Siku ya tatu kwa kawaida huanza kushuka. Hapa ndipo mama yetu alipochoka. Kuna sababu ya kuchoka: usiku mbili bila usingizi mzuri humfanya mtu aone maumivu madogo kuwa makubwa. Kwa hiyo msaidieni mgonjwa alale. Aweke mto wa pili chini ya kichwa, maana akilala chali bila mto damu hujaa kichwani na jino hupwita zaidi. Kazi ya kuinama shambani au kubeba mizigo iahirishwe siku moja au mbili. Kama kuna uvimbe, barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe nje ya mdomo dakika 15, ipumzishwe, irudiwe.

Mpeni daftari au kipande cha karatasi. Kila asubuhi na kila jioni aandike maumivu kwa namba, 0 ni hakuna na 10 ni mabaya kabisa. Mtu aliyeandika 7, 7, 6, 5 hataogopeshwa na jirani. Na aliyeandika 3, 4, 6, 8 atajua kwamba hafai kukaa nyumbani.

Kuhusu dawa, tuwe waangalifu. Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine anaweza kumeza parasetamoli (ndiyo Panadol) vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, hutuliza maumivu na uvimbe pia: miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula. Dawa hizi mbili zikitumiwa pamoja kwa siku hizo chache hufanya kazi vizuri kuliko moja pekee. Lakini ibuprofeni haimfai mama mjamzito, mtu mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu ambayo huamshwa na dawa za aina hiyo. Hao wamwulize daktari. Tena angalieni vile vidonge vya dukani vilivyochanganywa: vingi vina parasetamoli ndani yake, na mtu akivimeza juu ya Panadol atazidisha kipimo bila kujua, na ini litaumia.

Antibiotiki si dawa ya maumivu. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu watu hununua vidonge vinne vya rangi mbili pale dukani, wanameza, jino linatulia lenyewe kama lilivyokuwa litulie, nao wanasema ni vile vidonge. Daktari ataziandika kama kuna uvimbe unaosambaa au homa. Akiziandika, mezeni zote kama alivyosema.

Na yale mengine: msiweke aspirini kwenye ufizi, inaunguza nyama. Wako wanaotia mafuta ya taa au maji ya betri. Hayo yataunguza mdomo wote na jino litabaki vilevile. Karafuu haina madhara makubwa ikiwa kidogo, hata madaktari wa meno hutumia mafuta yake katika dawa za kuzibia, lakini haiwezi kufika kwenye ncha ya mzizi kupitia jino lililozibwa. Afadhali maji ya chumvi ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, asukutue mara tatu kwa siku baada ya kula. Mswaki apige kama kawaida, polepole pale palipouma. Mdomo mchafu hauponi haraka.

Chakula kiwe laini: uji, mukimo, viazi, ndengu, parachichi, mayai. Kwa siku hizo asiume kitu kwa meno ya mbele. Nanasi zetu za Thika akate vipande vidogo aweke nyuma mdomoni. Miwa, mahindi ya kuchoma na mifupa vingoje. Kufungua soda kwa meno kusirudi kamwe, hata jino likipona.

MAUMIVU YANAYOTAKA MTU ARUDI KWA DAKTARI

Kuna jambo moja dogo ambalo huwasumbua watu wiki nzima bure. Mwambie mgonjwa afunge mdomo polepole. Kama jino lililotibiwa linagusa la chini kabla ya mengine yote, basi kile alichozibiwa kimezidi kimo. Kila akimeza mate analigonga. Arudi, daktari atalisaga kidogo kwa dakika chache, na mara nyingi usiku uleule atalala. Asione aibu kurudi, kwa maana alilipia kazi hiyo.

Arudi pia kama namba zake zinapanda baada ya siku ya tatu, kama ufizi au mdomo unavimba upya, kama usaha unatoka kwenye ufizi, au kama kizibo kimetoka. Watu wachache hupatwa na maumivu makali na uvimbe ghafla siku moja au mbili baada ya kutibiwa. Hata hapo, jino mara nyingi halijapotea. Daktari hulifungua, anaosha tena, au anapasua jipu usaha utoke. Kupatwa na jambo hilo hakumaanishi jino halitapona.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji kesho wala mkutano wa kikundi: uvimbe unaofunga jicho, homa na kutetemeka, kushindwa kumeza mate, kushindwa kufungua mdomo, au kupumua kwa shida. Meno ya mbele ya juu yako karibu na pua na macho, na usaha ukipanda huko unaweza kuua. Tafuteni gari usiku huohuo, mfike hospitali kubwa iliyo karibu, kwa watu wa pande hizi kama Thika Level 5. Wenye kisukari wawe wepesi zaidi kwenda, maana kwao ugonjwa husambaa haraka na kidonda hupona polepole.

Tusiwadanganye pia. Wako watu, kama 5 kati ya 100, ambao hubaki na maumivu ya namna fulani hata baada ya miezi 6. Kwa hao kuna kutibiwa upya, au kufanyiwa upasuaji mdogo kwenye ncha ya mzizi, na wengine hugunduliwa kwamba maumivu hayatoki kwa jino kabisa. Na yako meno yaliyopasuka mzizi ambayo hakuna njia ila kuyatoa. Hata hivyo, zaidi ya meno 8 kati ya 10 yaliyotibiwa mizizi vizuri hupona.

ASIYEUMWA NAYE ARUDI

Kinyume cha yule mama ni kijana mmoja wa bodaboda wa pande za Juja. Jino lake la mbele lilipofunguliwa mara ya kwanza, usaha ukatoka na maumivu yakaisha siku hiyohiyo. Akapewa siku ya kurudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Alisema, "Si nimepona? Mbona nipoteze siku ya kazi?" Alikuwa amewekewa kizibo cha muda tu, ambacho kimekusudiwa kukaa wiki chache. Kikalika, mate yakaingia, na baada ya miezi sita jipu likarudi kubwa kuliko la kwanza. Alianza matibabu upya na kulipa upya.

Kwa maoni yangu, hili la kijana ndilo linalopoteza meno mengi zaidi, kwa sababu halina kelele. Maumivu kuisha si jino kupona. Mfupa uliooza pale nchani hujijaza polepole, huchukua miezi 6 hadi mwaka, na wakati mwingine zaidi. Ni eksirei tu inayoonyesha. Kwa hiyo kuna kurudi kumalizia, kuna kurudi kuzibwa kizibo cha kudumu, na kuna kurudi mara moja baada ya miezi 6 au mwaka kupiga picha hata kama hauumwi.

Kuhusu kofia ya jino. Magego yaliyotibiwa mzizi huhitaji kofia mara nyingi, kwa vile yanasaga chakula na hupasuka. Jino la mbele ambalo bado sehemu kubwa yake ni nzima laweza kukaa na kizibo kizuri tu. Kama daktari anasema kofia inahitajika, mwulizeni kwa upole ni kwa nini. Pengine jino lilivunjika nusu, na hapo ana sababu. Na kama shida ni ule ukijivu, kuna dawa ya kung'arisha inayowekwa ndani ya jino kupitia tundu la nyuma, bila kusaga kitu.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Kung'oa ni bei ndogo siku ile. Kutibu mzizi ni bei kubwa zaidi mara kadhaa. Lakini aliyeng'olewa jino la mbele atataka la bandia, nalo linauzwa. Msichana wa kazi ya duka pale Thika, mwalimu wa nasari, mama wa kuuza sokoni, hawa hufanya kazi yao kwa uso. Nimeona mama akizungumza na wateja huku amefunika mdomo kwa leso miaka miwili.

Kabla kikundi hakijatoa mkopo, mwanachama aende kwanza aulize bei YOTE: picha, mara zote za kurudi, kizibo cha mwisho, na kofia kama iko. Aongeze nauli na siku za kazi zitakazopotea. Mkopo utolewe kwa hesabu hiyo, usitolewe kwa bei ya siku ya kwanza, kwa maana wengi hukatiza katikati pesa zikiisha. Aulize pia leseni. Kila daktari wa meno Kenya husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, na leseni yake huwa ya mwaka huo. Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Na mpeni mgonjwa mtu mmoja wa kumtembelea siku ya pili na ya tatu, aangalie ile karatasi ya namba.

Jambo la mwisho ni la ajali, maana ndiko tulikoanzia. Jino la mtu mzima, au la mtoto aliyekwisha ota meno ya pili, likitoka lote na mzizi wake, liokoteni kwa kushika sehemu nyeupe ya nje, si mzizi. Lioshwe kwa maji safi sekunde chache bila kusugua, lirudishwe shimoni mwake palepale, na mtu aume kitambaa safi. Ikishindikana, liwekwe ndani ya maziwa baridi, na pande hizi maziwa hayakosekani. Lisifungwe kwenye karatasi kavu. Mfikeni kwa daktari mapema iwezekanavyo, yafaa iwe kabla ya saa moja kuisha. Jino hilo litafungwa na wenzake kama wiki mbili, na la mtu mzima hutibiwa mzizi ndani ya wiki hizo. Meno ya utoto hayarudishwi. Na jino lililogongwa likabaki, kama la mama wa Ruiru, lipelekwe kuangaliwa hata kama haliumi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Ni nani hapa ana jino moja lililobadilika rangi, na anakumbuka liligongwa lini? Mama wa Ruiru angekuja kwenu siku ya tatu asubuhi, mngemwuliza nini kabla ya kumpa ushauri? Mtu akishindwa kupumua usiku wa manane kijijini kwetu, ni gari la nani litakalomfikisha Thika, na ni nani aliye na namba yake ya simu?